Ikembe ya Nafasi ya Kumi na Saba

Kinanda chetu hakikuwa kizuri, na simruhusu mtu akisifu leo eti kwa sababu mwenyewe amekufa. Vibao vyake vilikuwa vyembamba, vimetengenezewa vidole ambavyo havijawahi kushika jembe. Upige kwa nguvu au uguse kwa huruma, kilitoa sauti ileile, maana hakikujua uzito wa mkono. Kioo chake cha kusomea kilikuwa na herufi za kijivu, bila taa, ikabidi mtu akiinamie kama anayechambua mchele. Fidla zake zilikuwa mbu ndani ya kopo. Ngoma zake, bora ningepiga meza. Na kila tulipokiwasha kilivuma chini kwa chini kwenye spika, shhh, hata mchungaji akiwa katikati ya maombi, watu wakanigeukia mimi kana kwamba ndimi ninayepumua hivyo.

Mume wangu alikipata Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, tulipokuwa tumeoana juzi tu, kutoka kwa bendi iliyovunjika. Hata wakati huo kilikuwa kimezeeka. Kilitoka Ujapani, ndugu maskini wa vinanda vikubwa vilivyokuwa vinasikika kwenye kila redio enzi zake. Watengenezaji walichukua mtambo wa wale wakubwa, wakaupunguza, wakaufunga kwenye plastiki ili na mtu wa hali ya chini anunue. Wale wanabendi walikionea aibu. Yeye alikileta nyumbani amekikumbatia kwa mikono miwili, na nilipomuuliza unga uko wapi, alinionyesha kinanda. Nilinuna siku tatu.

Ila haki yake nitakipa. Kazi yake inaitwa FM, herufi zilezile za redio, na mume wangu, ambaye alikuwa fundi redio, alilipenda jambo hilo mpaka akachosha watu. Alieleza hivi: ndani mna mawimbi manne mepesi, na kila moja peke yake ni mluzi tu. Lakini wimbi moja unaweza kulificha lisisikike, ukalipa kazi ya kulitikisa jingine. Ukilitikisa kidogo unapata filimbi. Ukizidisha unapata kengele, kijiko, sufuria, kila aina ya chuma. Ndiyo maana kitu chochote chenye chuma au mti mkavu kilikiweza barabara, na chochote chenye pumzi ya binadamu kilikishinda.

Halafu hakikutegemea mtu. Kilikula mawe sita ya redio, betri zile nene, kikafanya kazi wiki nzima. Umeme wa Gitega, mji wetu hapa Burundi, ulipokatika, makanisa yenye vinanda vya fahari yalibaki na makofi, sisi tukaendelea. Mvua ilipopiga bati mpaka mhubiri akaketi, ule ukali wake ulipenya juu ya mvua na juu ya waimbaji arobaini. Kilianguka kutoka kwenye lori siku tuliyorudi Burundi, kikapigwa na vumbi la Bugendana na la Giheta kwenye semina za kwaya, na hakikuwahi kukataa kuwaka hata siku moja.

Tuligawana kazi. Mimi nilikipiga, yeye aliziunda sauti. Kilikuwa na nafasi ishirini na nne za kuhifadhi sauti za mtu mwenyewe, na alizijaza zote, lakini iliyomshughulisha maishani ni moja, ya kumi na saba. Aliiandika jina la GASORWE. Ilikuwa ikembe ya baba yake.

Ikembe ni kile kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma, kinachopigwa kwa vidole gumba. Mkwe wangu, baba yake mume wangu, alikuwa na yake huko Gasorwe, mkoani Muyinga, na jioni alipotoka shambani aliipiga mbele ya nyumba huku chakula kikiiva. Mume wangu alikuwa na umri wa miaka minne hivi walipokimbia mauaji. Mama yake alivuka mpaka naye mgongoni na mwingine tumboni. Baba hakufika, na ikembe haikufika. Haikubaki picha ya mzee, haikubaki hata shati. Kitu pekee ambacho mume wangu alidai kukikumbuka sawasawa ni ule mlio, na akaamua kuutoa ndani ya plastiki ya Kijapani.

Ilimchukua miaka kumi na moja. Sitii chumvi. Akiwa amefungua redio ya mteja, aliisukuma kando, akawasha kinanda, akasogeza kile kitufe cha kurekebishia nywele moja juu, nywele moja chini, akaniita nisikilize. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, na nilikuwa naitikia bila kuinua kichwa. Mlio wa mti aliupata mapema, na ulimi wa chuma aliupata. Kilichomtesa ni ule mzizimo mdogo unaofuata, zii, unaoletwa na vipete vya chuma vinavyovishwa kwenye zile ndimi. Akasema bila zii hiyo si ya baba. Alilifanya wimbi la nne lijitikise lenyewe, akachanganya na sijui nini, na siku moja ikatoka. Zii yenyewe, nyembamba, inayokawia kidogo baada ya sauti kuisha. Hata mimi niliinua kichwa.

Tulikwenda Gasorwe kumpigia mama yake. Mama mkwe alikuwa anapukuchua maharage uani. Niliweka kinanda kwenye kigoda, nikapiga wimbo ule ambao mume wangu alinifundisha kwa mdomo, na yule mama akaacha maharage, akajishika mdomo kwa mikono miwili. Akasema kwa Kirundi, kisha akarudia kwa Kiswahili cha kambini ili nami nisikose:

“Ni yenyewe. Emwe, kweli, ni yenyewe.”

Njia nzima ya kurudi Gitega mume wangu alikipakata kinanda magotini. Alikuwa na furaha. Tangu siku hiyo kila tulipokwenda Muyinga tulikwenda na kinanda, na mama mkwe hakuandaa chai kabla ya kukisikia.

Figo zilimwanza kwa kuvimba miguu. Alipolazwa hapa Gitega alikuwa bado anatania wauguzi. Siku moja kabla ya kulazwa nilikuwa nimewasha kinanda kwa mazoezi, na kioo kikaandika maneno ya Kiingereza ambayo sikuyaelewa. Nilimsomea herufi moja moja hospitali, naye akakunja uso. Akanieleza kwamba mbali na yale mawe sita kuna betri nyingine ndani, ya duara, iliyochomelewa kwa risasi. Hiyo haiendeshi kinanda, kazi yake ni kukumbuka tu. Ikifa, sauti zote ishirini na nne zinafutika, na haya maneno maana yake ni kwamba inakaribia.

“Nyuma kuna tundu la kaseti,” akasema. “Tafuta kaseti tupu na ile redio yangu kubwa, ulete hapa. Nizimwage sauti kwenye kaseti kwanza, ndipo mtu abadilishe betri.”

“Hapa wodini?”

“Ni dakika tano, mke wangu.”

Zamani alikuwa nayo kaseti ya namna hiyo, ililowa kwenye kituo cha mpito siku tuliporudi nchini, akawa kila mwaka anasema atatengeneza nyingine. Mimi nilikuwa nimetoka kupanga foleni ya dawa tangu asubuhi. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye anakufa na anaulizia kaseti, kwamba kama angejali figo zake nusu ya alivyolijali lile debe tusingekuwa pale. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani. Mume wangu alicheka kidogo, akasema, “Basi, tutaona,” na hakulitaja tena. Aliishi siku tisa zaidi.

Tulimzika Gasorwe. Kwetu msiba unafungwa mara mbili. Mara ya kwanza ni baada ya wiki moja hivi, watu wanarudi mashambani, kilio cha nyumbani kinaisha. Mara ya pili ni kuganduka, siku ambayo familia imekusanya chakula na vinywaji vya kutosha, hata kama ni baada ya mwaka mzima. Hapo warithi wanatajwa, msiba unakwisha kabisa, na baada ya siku hiyo mtu hamlilii tena marehemu mbele za watu. Katika ile ya kwanza, baba mdogo wa mume wangu alisimama, mtu mzima anayesikilizwa, akasema kinanda kilikuwa mdomo wa marehemu, kwa hiyo kikae kimya. Kisiguswe, kisifunguliwe, mpaka tuganduke. Siku hiyo ndipo kitalia tena, na mama yake ataisikia ikembe. Watu wakasema amesema vizuri.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, sikuwa mjinga, nilijua. Nilitakiwa kusimama niseme kwamba kinanda hiki kinaumwa, tusipokiwasha kitasahau. Mimi mwenye mdomo, ambaye nimegombana na makarani mipakani na wazee wa kanisa wawiliwawili, siku hiyo niliangalia miguu yangu. Niliogopa wangesema mjane wa wiki moja anataka muziki. Nikajipa moyo kwamba mashine iliyovumilia miaka yote hiyo haiwezi kushindwa na mwaka mmoja. Tukakivingirisha katika kitenge, nikakirudisha Gitega, nikakisukuma chini ya kitanda, na kwaya ikaimba kwa ngoma.

Ulipita mwaka na miezi miwili. Mafuta ya magari yaliadimika, bei zikapanda, siku ya kuganduka ikasogezwa mara mbili. Mama mkwe alikuwa akinipigia simu kwa simu ya jirani, na mazungumzo yetu yalikuwa mafupi: mvua, mihogo, magoti yake, halafu ikembe. Alisema hana hakika ya mwaka mwingine. Alisema anataka aisikie mara moja, amsikie baba na amsikie mwana kwa pamoja, ndipo afunge msiba. Nilimwambia ataisikia.

Ilipobaki mwezi mmoja, baba mdogo aliniruhusu kukifungua nifanye mazoezi. Ilikuwa asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye cherehani. Nikaweka mawe mapya, kikawaka mara moja, nikafurahi kama mjinga. Nikaenda nafasi ya kumi na saba. Pale palipokuwa pameandikwa GASORWE palikuwa na alama za ovyo, mistari na vinukta. Nilipiga kibao, ukatoka mlio wa mlango wa bati unaoburutwa. Nikaenda ya kumi na nane, ya tatu, ya kwanza. Zote takataka. Nilikaa sakafuni na miguu nimeinyoosha mbele kama tulivyokaa wakati wa kilio.

Fundi pekee niliyemwamini alikuwa Muyinga mjini, katika mtaa wa Waislamu, rafiki wa marehemu. Walibadilishana vipuri miaka yote. Kwa sababu ya mafuta nilisubiri siku mbili kupata gari la kunipitisha Karuzi. Yule fundi alinipokea kwa heshima, mke wake akaniletea maji, akakifungua kinanda mbele yangu juu ya meza yake, taratibu, skrubu moja moja kwenye kifuniko cha chupa. Akagusa ile betri ya duara na waya za kipimo chake, akatikisa kichwa.

“Shemeji, pole sana. Hii kapile ka ndani, hii betri, ilikufa kitambo. Labda miezi tatu, labda ine. Donc mémoire, kumbukumbu yote, ilitoka.”

“Hakuna namna ya kuirudisha?”

“Hapana. Hakuna kitu iko mule ndani ya kurudisha. Mi naweza tia pile mpya, itakumbuka kuanzia leo. Ya nyuma, c’est fini, imeisha.”

“Na kama ningekuja wakati wa msiba?”

Alinitazama, akaona ninataka jibu la kweli. “Wakati ya kilio, ndiyo. Ilikuwa ingali na nguvu kidogo. Mbona hamukuileta?”

Nikamweleza: kuganduka, baba mdogo, kimya cha heshima. Alisikiliza huku amepumzisha mikono. Kwao pia mjane ana muda wake wa kukaa, kwa hiyo hakunicheka.

“Na kwetu mwanamke anakaa eda, miezi ine na siku kumi,” akasema mwishoni. “Lakini eda ni ya mutu, shemeji. Haiko ya mashine.”

Akaweka betri mpya, na badala ya kuichomelea akaitengenezea kishikio ili mara nyingine itoke kwa kidole. Alinipa kaseti mbili tupu kutoka kwenye kabati lake, akasema nikitengeneza chochote nikimwage siku hiyohiyo. Nilimuuliza kama yeye anaweza kuiunda ikembe. Akasema anajua risasi na waya, sauti ilikuwa kazi ya bwana wangu.

Basi nikaanza mwenyewe. Nilikuwa na wiki tatu, na nilikuwa nimekaa miaka na mtu anayenieleza jambo hilo bila mimi kusikiliza. Zile sauti za kiwandani zilikuwa bado zipo, hizo hazifutiki, nikachukua moja inayofanana na marimba nikaanza kuivuruga. Hapo ndipo nilipojua ubaya mkubwa kuliko wote wa kinanda hiki. Kina namba zaidi ya sabini za kila sauti na kitufe kimoja cha kuzirekebishia. Unaona moja tu kwa wakati, na ukiigusa hujui nyingine zimepata nini. Namba moja mbele, unapata kinubi. Namba moja nyuma, unapata beseni lililoanguka. Hakikuongozi wala hakikuonyi. Niligombana na kinanda, kisha nikagombana na mume wangu kwa sauti, ndani ya nyumba tupu: kwa nini hukuandika? Daftari la wateja uliandika, kila redio na ugonjwa wake, hii kwa nini ulibeba kichwani?

Nilitafuta kwenye simu za wanakwaya labda kuna mtu alirekodi. Walirekodi wengi, lakini kila mmoja alijirekodi mwenyewe akiimba. Nyuma ya sauti arobaini ikembe ilisikika kama mtu anagonga kijiko nyumba ya tatu. Zii haikusikika hata kidogo.

Wiki ya pili niliupata mti. Siku chache baadaye nikapata ulimi wa chuma, nikaurudisha nyuma kidogo usichome masikio. Zii ilinishinda. Nililiambia wimbi la nne lijitikise lenyewe kama alivyokuwa akifanya, likatoa mlio wa mafuta ya kukaangia. Nikilipunguza, linatoweka. Nilijaribu mpaka vidole vikaota malengelenge kwenye kile kitufe. Siku tatu kabla ya safari nilikata shauri: ikembe itaenda bila zii. Kavu, fupi, imefifia. Niliiandika GASORWE nikajiona mwongo, nikaimwaga kwenye kaseti, nikaandika namba zote sabini kwenye karatasi. Nilimwomba Mungu jambo baya, kwamba masikio ya mama mkwe yawe yameshazeeka.

Siku ya kuganduka Gasorwe palijaa. Wali, maharage, ndizi, makreti ya soda kwa walokole na mitungi ya pombe ya ndizi kwa wasiojali walokole. Baba mdogo alisema maneno yake vizuri kama kawaida. Akawataja warithi, akawashukuru waliochimba kaburi, akasema leo tumemaliza kulia, sasa mdomo wa marehemu ufunguliwe. Kwaya ikasimama. Mama mkwe aliwekewa kiti cha mbele, amevaa kitenge kipya ambacho hakijafuliwa bado, miguu haifiki chini.

Nilipiga peke yangu mwanzoni, ule wimbo wa baba. Nilikuwa natazama mikono yangu. Nilipoiba jicho nikaona hajashika mdomo. Hakulia wala hakutikisa kichwa. Alikuwa ameinamia magoti yake, na vidole gumba vyake vilikuwa vinatembea juu ya kitenge, kimoja baada ya kingine, kwa kufuata. Nikasema moyoni, amejua. Kwaya ikaingia, tukamaliza, watu wakapiga vigelegele.

Aliniita. Nikaenda nikakaa kwenye mkeka miguuni pake, nimeshajipanga kutubu.

“Mukazana wanje, mke wa mwanangu, hiyo ikembe umeitoa wapi?”

Nikaanza na betri. Nikaeleza yote kwa haraka, hospitali, kaseti, chini ya kitanda, fundi wa Muyinga, nikasema nimejaribu, nikasema zii imenishinda, anisamehe.

“Oya, oya, hapana. Tulia unisikilize.” Alinishika kichwa kwa mkono mmoja kama mtu anayetuliza ndama. “Hiyo ndiyo ya mzee wangu. Hiyo hasa. Yake haikuwa inalia zii.”

“Lakini vile vipete, mama?”

“Vipete nilivitoa mimi, kwa mkono wangu huu. Mume wako alikuwa anatambaa, kila kitu anatia kinywani. Nikasema huyu atavimeza. Baba yake aliniwashia moto wiki nzima, lakini hakuvirudisha. Mpaka tunakimbia ilikuwa inalia hivyo ulivyopiga. Kavu.”

“Na ile ya mwanao?”

“Ile sikuijua. Kambini walikuwepo wazee wenye ikembe, nadhani aliichukua kwao, akaiweka kwa baba yake. Alikuwa mtoto.”

“Ulishika mdomo, mama. Ulisema ni yenyewe.”

“Alikuwa ananiangalia usoni,” akasema. “Miaka yote ile anaitafuta, halafu ananiangalia usoni namna ile. Wewe ungemwambia nini?”

Alikuwa na furaha. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, alikuwa anacheka na meno yake mawili, anawaambia wanawake wenzake kwamba leo mzee amepita hapa, na mukazana wake ndiye aliyemleta. Walinibariki mmoja mmoja. Na mimi nilikuwa nimekaa pale nikielewa nilichopoteza. Mwezi mzima nilidhani nimepoteza ikembe ya baba mkwe, kumbe hiyo haikuwahi kuwemo ndani ya kinanda. Kilichokuwemo nafasi ya kumi na saba kilikuwa cha mume wangu peke yake, alikiunda kutoka kichwani mwake, hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuwa nacho. Nilikiacha kikafa chini ya kitanda nilichokuwa nalalia.

Nililia. Nililia kwa sauti, kamasi na kila kitu, mbele ya watu ambao walikuwa wameshatangaziwa kwamba hakuna kulia tena. Wifi yangu alikuja mbio akaniinua kwa kwapa. “Wifi, leo hapana,” akaninong’oneza, “utamrudisha marehemu nyuma.” Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akasimama mbele yangu ili watu wasione. Baba mdogo alieleza wageni kwamba mjane amezidiwa na furaha.

Sasa ikembe ya mkwe ninayo kwenye kaseti mbili na kwenye karatasi, haiwezi kupotea. Nikienda Gasorwe naipiga, mama mkwe anafumba macho, chai inafuata. Nyumbani Gitega, nikimaliza kushona, nawasha kinanda nitafute ile nyingine. Nalipandisha wimbi la nne, linakaanga mafuta. Nalishusha, linatoweka. Katikati hapo kuna namba ambayo aliiweka yeye kwa sababu alikumbuka vibaya, na mimi sikumbuki hata alikumbukaje. Kwaya wanasema niache, wanasema ikembe ya sasa ni safi kuliko ile ya zamani. Ni kweli, ni safi kuliko ya kwake. Nami kila siku najaribu kukosea kama alivyokosea yeye, na siwezi.